Mshonaji wa Jaji

Siku orodha ya kesi ilipobandikwa kwenye ubao wa mahakama, Mama Majoho alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo, akasoma jina la jaji aliyepangiwa kesi yake, akacheka peke yake mpaka askari wa mlangoni akageuka kumtazama. Hakuwa amecheka hivyo tangu amzike mumewe. Kati ya majaji wote wa jengo lile, kesi yake ilikuwa imeangukia kwa mwanamke, wa kwanza na wa pekee kukalia kiti kile, na joho alilovaa mwanamke huyo lilikatwa na kushonwa na mikono hii hii iliyokuwa sasa imeacha alama za jasho kwenye kioo cha watu.

Bintiye, aliyekuwa ameomba ruhusa ya asubuhi kwenye duka la dawa alikokuwa akipokea malipo, hakucheka. Alimshika mama mkono akamtoa pale ubaoni kama anayemtoa mtoto kwenye maji.

"Mama," alisema walipofika nje, "hili jambo tia pini mdomoni."

Nyumbani kwao maneno hayo yalikuwa na maana moja tu. Mama Majoho alipokuwa akishona alibana pini katikati ya midomo, na kwa kuwa alikuwa mwanamke wa maneno mengi, marehemu mumewe alizoea kusema kwamba hizo ndizo saa pekee anazopata kusikiliza redio. Mtu akitakiwa kunyamaza, aliambiwa atie pini mdomoni. Mama Majoho alimwahidi binti kwamba atazitia. Aliahidi kwa moyo mweupe kabisa, na ahadi yenyewe haikufika jioni.

Kesi ilikuwa ya nyumba. Marehemu na mkewe walikuwa wameshona majoho maisha yao yote: ya mahakimu, ya mawakili, ya wahitimu wa vyuo. Mume alikata, mke alishona, na kutokana na majoho hayo wakajenga nyumba, chumba kimoja kila walipopata nafasi. Chumba cha mbele, kilichotazama barabara, kikawa karakana. Hati iliandikwa kwa jina la mume kwa sababu siku ya kuandikisha yeye ndiye aliyeenda, mke alikuwa na joho la mtu la haraka. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo.

Lilikuja kuwa jambo matanga yalipokwisha. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, muuza mabati mwenye sauti laini na viatu vinavyong'aa, alikuja akaketi, akanywa chai, akaeleza kwa upole kwamba iko sheria ya zamani. Mjane asiye na mtoto wa kiume hana fungu katika nyumba ya mumewe. Nyumba hurudi kwa ndugu. Yeye binafsi roho ilikuwa inamuuma, lakini afanye nini.

"Sheria sikuitunga mimi, shemeji," alisema, akaweka kikombe chini taratibu. "Ningeitunga mimi ningekuweka wewe mbele."

Mama Majoho alipokataa kuhama, shemeji alifungua kesi. Majaji wote waliotangulia walikuwa wameifuata sheria hiyo bila hata kukohoa. Ndiyo maana jina lile ubaoni lilimchekesha.

*

Jaji mwenyewe alikuja kwake kabla hajaapishwa. Alikuwa amezunguka kwa washonaji wengine, na kila mmoja alimvalisha joho la kiume akamwambia atazoea. Kola ilimkaba, mabega yalimning'inia, na mkono ulikuwa mrefu kiasi kwamba akiandika ungefuta wino wake mwenyewe. Mama Majoho alimzunguka mara moja, akatia pini mdomoni, akampima. Karatasi ya kukatia ya marehemu iliyokuwa imening'inia ukutani haikufaa kitu. Ilibidi akate upya kuanzia mabegani, juu ya meza kubwa ya kukatia ambayo marehemu aliiunda mle mle chumbani, pana hivi kwamba haikuweza kupita mlangoni. Lile joho lilikuwa la kwanza maishani mwake kulikata yeye mwenyewe. Alipoliona limekaa, machozi yalimtoka na hakujisumbua kuyaficha.

Siku ya kiapo jaji alimtuma dereva amlete. Wakapigwa picha kwenye ngazi za mahakama: jaji ndani ya joho, mkono wake begani kwa mshonaji, na mshonaji akiwa na futi yake ya kupimia shingoni, kwa sababu alisahau kuivua. Mama Majoho aliitia picha ile fremu, akaipachika juu ya mlango wa karakana, upande wa barabarani, na chini yake mchoraji wa mabango akaandika kwa herufi nyekundu: MSHONAJI WA JAJI.

Kesi ilipopangwa, binti alimsihi aitoe ile picha. Wakili wa msaada wa kisheria, kijana mpole aliyevaa suruali moja kila siku ya kesi, alimsihi pia. Hakuna kosa mtu kumshonea jaji, alisema, lakini upande wa pili wakiiona watapata pa kushika.

Mama Majoho alikasirika. Aliuliza kama amemhonga mtu. Aliuliza kama wauza mboga wa jaji nao wajifiche. Maisha yake yote alikuwa ameshona majoho ya wanaume wasiomjua kwa sura, yakabebwa mlangoni na madereva, na leo kazi moja imempa sura, wanataka aishushe kama nguo ya ndani iliyoanikwa barabarani. Picha ikabaki. Na si picha tu. Alisema kwenye duka la vifungo, alisema kwenye foleni ya maji, alisema kwa mwenye kupiga pasi. Kila aliyesikia alimpongeza mapema, na kila pongezi ilimfanya aongeze chumvi.

Shemeji alipokuja na fundi kutazama madirisha, kama mtu anayepita kukagua mali yake, Mama Majoho hakuweza kujizuia tena.

"Kagua vizuri, maana ndiyo mara ya mwisho," alimwambia. "Safari hii jaji namjua. Namjua mpaka kipimo cha kiuno chake."

Shemeji alicheka, akakubali kwamba kweli mwanamke humtetea mwanamke mwenzake. Alitoka, akavuka barabara, akasimama akainua simu. Mama Majoho alidhani anampigia mtu.

*

Siku ya kesi chumba cha mahakama kilijaa. Waandishi wa habari walikuwa wakimfuata jaji yule kila alipokwenda, wengine kwa kumpenda, wengi kwa kungoja ateleze. Mama Majoho alivaa gauni lake la kanisani. Jaji alipoingia na wote wakasimama, alimtazama akitegemea japo ukope mmoja umfahamu. Hakupata.

Wakili wa shemeji alisimama, akasema kwa masikitiko makubwa kwamba analo ombi asilopenda kulileta, kwamba mheshimiwa ajitoe kwenye kesi. Akatoa ile picha ya juu ya mlango, imechapishwa ukubwa wa kalenda, maandishi mekundu yakisomeka mpaka viti vya nyuma. Kisha akasoma kutoka kwenye kiapo cha mteja wake, neno kwa neno, kwamba mdaiwa amejigamba mbele ya mashahidi kuwa anamjua mheshimiwa mpaka kipimo cha kiuno chake.

Chumba kizima kilicheka. Hata karani alicheka, akaficha uso kwenye majalada. Jaji hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe chenyewe, akamwamuru mdaiwa asimame.

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema, mheshimiwa, lakini kwa namna ya..."

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Wakili kijana alisimama akajaribu kueleza kwamba mshonaji si ndugu wala rafiki, kwamba kila jaji ana mtu aliyemshonea. Jaji alimshukuru. Akasema haitoshi haki itendeke tu, lazima pia ionekane imetendeka na kila mtu, hata na wale wasiopenda kuiona. Akasema anajitoa, na jalada lirudi likapangiwe jaji mwingine. Alipogeuka kutoka, joho lilizunguka naye, likakaa. Mama Majoho aliona kwamba bega la kushoto limelala sawasawa. Alijichukia kwa kuliona.

Jioni ile alipanda kwenye kiti akaitoa picha mwenyewe, akayakwangua maandishi mekundu. Binti alishika kiti. Akaipokea picha, akaiegemeza karakanani, uso wake ukitazama ukuta.

*

Jaji mwingine alikuwa mzee anayekaribia kustaafu. Joho lake, lililopauka mabegani, lilikatwa na marehemu mwenyewe na kushonwa na Mama Majoho enzi za ujana wao. Hakuna wakili aliyesimama kusema kitu, kwa kuwa marehemu hakuwahi kupachika picha ya mtu mlangoni. Mzee alisoma sheria ya zamani, akasoma majina ya wenye kesi, akasoma kwamba mjane hana fungu, na hakuinua macho mpaka alipomaliza. Ilichukua muda mfupi kuliko kutia vifungo kwenye koti.

Dalali wa mahakama alikuja asubuhi na vijana wake. Walibeba vitanda, sufuria, mito, wakavipanga kando ya barabara mbele ya watu waliokuwa wakienda kazini. Mteja mmoja, mwalimu wa chuo, alipita akaona joho lake la mahafali limetupwa juu ya beseni, akalichukua bila salamu. Cherehani zilitoka. Vitambaa vilitoka. Ilipofika zamu ya meza ya kukatia, vijana waliigeuza hivi na vile, wakaisimamisha, wakailaza, haikupita.

"Leteni msumeno," alisema dalali.

Mama Majoho aliwaomba. Aliwaeleza kwamba joho hukatwa likiwa limetandazwa lote, kwamba bila meza hiyo hana kazi, kwamba marehemu aliiunda kwa mkono wake. Kijana aliyeshika msumeno alimsikiliza kwa heshima, akaanza na mguu wa mbele.

Hapo ndipo shemeji aliposhuka kwenye gari. Alimzuia kijana, akamkemea hata, akasema hawa watu hawana utu. Akamvuta Mama Majoho pembeni. Yeye hakutaka kuona mke wa kaka yake akiteseka. Abaki tu pale mbele, karakanani, na meza yake na cherehani zake, kama mpangaji. Kodi wataelewana, ni watu wa nyumba moja. Kitu kidogo tu: atie saini kwamba amekubali hukumu na hatakata rufaa, ili mambo yasirudi kuwachosha wote.

Binti, aliyekuwa amefika anahema, alimwambia mama asitie. Wakili alikuwa njiani. Rufaa ipo, muda upo.

"Na meza?" mama aliuliza.

"Mama, meza ni mbao."

"Ndiyo inayotulisha."

Kijana wa msumeno alikuwa bado amechuchumaa, msumeno ndani ya mguu wa meza, akisubiri kuambiwa. Mama Majoho alitia saini juu ya meza hiyo hiyo. Wakili alifika dalali akiwa amekwisha kuondoka, akaisoma karatasi mara mbili, akaikunja vizuri, akampa pole.

Tangu siku hiyo mama na binti walilala kwenye godoro chini ya meza. Vyumba vya nyuma vilipata wapangaji, na ufunguo wa choo ulikaa kwa mmoja wao, dereva wa lori, ambaye alipenda kuulizwa mara mbili. Mama Majoho alisimama mlangoni mwa chumba alichomzalia mtoto wake, akaomba ufunguo wa choo alichokichimbisha yeye.

*

Habari ilikuja kwa redio, mchana, akiwa anatia bitana kwenye mkono wa joho. Mtangazaji alikuwa akipaza sauti. Jaji wa kwanza mwanamke alikuwa ametoa hukumu iliyotikisa nchi: sheria ya zamani ya wajane inapingana na haki za binadamu na kuanzia siku hiyo si sheria tena. Mjane aliyeshinda alikuwa muuza mayai wa mtaa mwingine. Alihojiwa. Alilia, akasema hakuamini, akasema wakati mumewe anafariki alidhani ndiyo mwisho wake. Nyuma yake wanawake walikuwa wakipiga vigelegele kwenye ngazi za mahakama.

Majirani walimiminika karakanani. Walimkumbatia. Walisema tumeshinda. Mwenye kupiga pasi alicheza pale mlangoni. Mama Majoho aliwashukuru mmoja mmoja, kwa sababu walikuwa na furaha ya kweli na hakuna hata mmoja aliyekumbuka saini yake.

Binti alikimbia kwa wakili na sare yake ya duka la dawa. Alirudi akitembea. Mama hakuuliza, lakini binti alimweleza hata hivyo, maneno mafupi mafupi, akitazama chini. Hukumu ile ni ya kesi zilizo wazi. Muuza mayai alikataa kutia saini. Kesi yao imefungwa, na aliyeifunga ni mama.

"Mimi sikulaumu," alimaliza binti.

"Nilaumu," mama alisema. "Ni afadhali unilaumu."

Binti alikwenda kuchota maji. Alikaa kwenye foleni hadi ndoo za wote zikajaa, na za kwake zikajaa, na bado akakaa.

*

Jaji alikuja mwenyewe, bila dereva, siku ya kazi. Alikuwa amepandishwa kwenda mahakama ya rufaa, na huko majoho ni mengine, yana kola nyekundu. Alileta lile la zamani kwenye mfuko ili likatwe la pili kwa kulifuata. Aliinama kuingia, akasimama katikati ya chumba, akaona meza, akaona godoro lililosukumwa chini yake na mto wenye alama ya kichwa. Kabla ya kuingia alikuwa ameona pia, juu ya mlango, pale ambapo ukuta ulibaki na mraba mweupe na msumari.

"Picha umeitoa."

"Niliitoa siku ile ile."

"Ulifanya vizuri," jaji alisema. Akasikia alivyosema, akalitoa joho kwenye mfuko.

Mama Majoho alimwomba alivae joho. Kiuno kilikuwa kimeongezeka kidogo, hakusema. Alianza mabegani, akipima na kutia alama ya chaki, na mikono yake ilifanya kazi kwa utulivu kana kwamba ni ya mtu mwingine. Jaji ndiye aliyeanza.

"Ile hukumu ilikuwa yako," alisema. "Nilianza kuiandika nilipolisoma jalada lako. Yule mama wa mayai alikuja baadaye."

Chaki ilisimama.

"Ungeweza kukataa kujitoa?" Mama Majoho aliuliza. Aliuliza bila hasira, kama anayeuliza urefu wa mkono.

Jaji alitazama dirishani. "Ningeweza. Joho si undugu."

"Sasa?"

"Waandishi walikuwa wameketi wote wananingoja niteleze. Ningebaki kwenye kesi yako, ile hukumu wangeiita ya kupendeleana. Ingetupwa kwenye rufaa na ingekufa, na mimi ningekufa nayo. Kila mjane baada yako angekosa."

"Kwa hiyo nimewalipia wote."

Jaji hakupepesa macho. Alikuwa mwanamke mkweli, na ukweli wake haukuwa na mahali pa kukaa katika chumba kile. "Ndiyo," alisema.

Mama Majoho aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amesubiri kuisikia ndiyo hiyo, na sasa alipokuwa nayo hakujua aiweke wapi. Alifikiria kumvua yule mwanamke joho pale pale, alikate mkasi katikati, alitupe barabarani kama mito yake ilivyotupwa. Kisha alifikiria kwamba mwisho wa mwezi umefika na kodi haijatimia. Akachukua pini kwenye kijaluba.

"Na nikuombe kitu," jaji alisema kwa sauti ya chini. "Safari hii tusipige picha. Na watu wasijue nimeshonea wapi."

Mama Majoho alitia pini mdomoni, moja baada ya nyingine, mpaka midomo ikajaa. Akapiga magoti, kwa kuwa upindo wa joho hupimwa kutoka chini, akaanza kuukunja.

Mlango uligongwa na kufunguliwa papo hapo, kama unavyofunguliwa na mwenye nyumba. Shemeji alisimama kizingitini na viatu vyake vinavyong'aa. Alimwona jaji, akashtuka, akavua kofia, uso wake wote ukachanua.

"Mheshimiwa," alisema. "Mheshimiwa mwenyewe. Karibu sana. Karibu kwangu."

Jaji alimtazama. Alimtambua, ilionekana shingoni, pale kola ilipokaa vizuri. Chini yake mshonaji alisimamisha mkono, akangoja.

"Asante," alisema jaji.

"Mwanga unatosha hapa? Nitaleta taa nyingine." Akainama kumtazama aliyepiga magoti. "Shemeji, mgeni mkubwa namna hii hujampa hata kiti?"

Mama Majoho alikuwa na pini mdomoni. Alichomoa moja, akaichoma kwenye upindo, akasogea na magoti kwenda upande wa pili.